Kumsaka babu mkoloni kwa faili lake la kazi

Anayetafuta ukoo wa Mwingereza aliyehamia Virginia miaka ya 1600 ana pa kuanzia. Tangu 1538, kila parokia ya Uingereza iliagizwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Lakini mkaaji wa Kadutu, mtaa wa Bukavu nchini Kongo, ambaye babu yake alikuwa Mbelgiji huanzia kwenye karatasi inayosema: baba hajulikani.

Mara nyingi alijulikana sana. Lakini huko Kongo dekreti ya 1890 iliipa serikali ulezi wa watoto iliowaita walioachwa, na kwa mlango huo metisi wengi, watoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika, walinyang'anywa mama zao wakapelekwa misheni. Save, kusini mwa Rwanda, ilikuwa moja ya vituo hivyo. Uhuru ulipokaribia, mamia ya watoto wake walisafirishwa hadi Ubelgiji. Wengine walibadilishiwa hata majina na tarehe za kuzaliwa.

Kwa hiyo faili la mtoto peke yake halitoshi. Njia inayozaa matunda ni kugeukia la baba.

Mtumishi wa koloni alikuwa na faili la kazi: vituo alivyopangiwa, uhamisho, likizo za Ulaya. Mtafiti huchukua mahali na mwaka wa kuzaliwa anaoukumbuka mama au shangazi, hurudi nyuma miezi tisa, kisha huangalia nani alikuwa kituoni na nani alikuwa likizoni. Majina kumi huweza kubaki mawili. Mafaili hayo yako Brussels, ambako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ina mradi wa Résolution-Métis unaowasaidia wahusika. Anayetafuta karatasi za miaka ya 1930 na 1940 asiandike Bukavu tu; mji uliitwa Costermansville.

Mwenye shamba hakuwa mtumishi wa serikali, hivyo hufuatwa kwa ardhi. Huko Kivu ardhi nyingi ya walowezi ilipitia Comité National du Kivu, iliyoundwa 1928.

Majina mawili yaliyobaki huamuliwa na vinasaba. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti hushirikiana takriban asilimia 25 ya vinasaba. Mtoto wa metisi na mtoto wa ndugu wa Ulaya wa metisi huyo kwa baba, asilimia 6 hivi. Kila kizazi hupunguza nusu, kwa hiyo bibi hupimwa kabla ya mjukuu. Tahadhari moja: asilimia 25 pia ni ya mtu na mjomba wake, hivyo umri na tarehe za faili ndizo huamua.

Suala la metisi limefika mbali zaidi ya ukoo. Waziri Mkuu wa Ubelgiji wa wakati huo, Charles Michel, aliwaomba radhi metisi tarehe 4 Aprili 2019. Tarehe 2 Desemba 2024, mahakama ya rufaa ya Brussels iliihukumu Ubelgiji kwa uhalifu dhidi ya binadamu, ikiamua kwamba wanawake watano walichukuliwa kwa mama zao kabla ya kufikia miaka saba, kwa mpango wa serikali wa kuwasaka watoto wa aina yao.