Mama Huongea na Televisheni

Mama yangu huongea na televisheni. Si kidogo. Mtu kwa muvi akielekea mlango ambao haufai kufunguliwa, mama humwambia, "We mjinga, rudi." Mwanasiasa akitokea kwa habari anajibiwa neno kwa neno, na mwisho anaulizwa pesa za barabara alipeleka wapi. Nikikua Kangemi nilidhani nyumba zote ziko hivyo, kwamba televisheni ni mgeni asiye na adabu ambaye huwezi kumfukuza kwa sababu ulimnunua mwenyewe.

Siku hizi ameanza kunyamaza. Niligundua Jumapili moja nilipoenda kula lunchi kwake. Ndugu yangu mdogo alikuwa kwa kochi, waya masikioni, anacheka peke yake. Binamu yetu alikuwa jikoni na simu imeegemezwa kwa sufuria. Mama alikuwa mbele ya TV ya inchi 32 niliyomnunulia Luthuli Avenue wakati makala zangu tatu zililipwa mwezi mmoja (haijawahi kutokea tena). Alikuwa amewekewa tamthilia ya Kikorea, maneno ya Kiingereza yanapita chini, na yeye anayafuata kwa midomo. Huwezi kusoma hivyo na bado umjibu mtu. Waifai ilikuwa inafanya kazi vizuri sana.

Watu wakizungumzia intaneti ya nyumbani hutaja uhuru: unachagua, unasimamisha, unarudia, husubiri saa ya mtu. Ni kweli, na sitaki kurudi kwa antena ya sufuria. Lakini kuna kitu kimeondoka kejani ambacho hakikuwa kwa ratiba ya kituo chochote, na naona waandishi wetu wa filamu bado hawajakitafuta.

Enzi hizo tulikuwa na televisheni moja na rimoti moja iliyofungwa kwa raba. Baada ya taarifa ya Kiswahili ya saa moja zilikuja za kwetu: Papa Shirandula, Inspekta Mwala, Tahidi High, Mother-in-Law. Jirani aliyekatiwa stima alikuja na kiti chake. Sitadanganya mtu, mengi yalikuwa maigizo ya kawaida. Kamera haikusonga sana, na kisa cha leo mara nyingi kilikuwa kisa cha wiki jana kimebadilisha shati. Ila walioandika walijua wanaandikia nyumba yenye watu. Papa ni mlinzi wa getini anayemdanganya mkewe Wilbroda kwamba ana kazi kubwa ya ofisi. Kwetu hiyo ilikuwa kesi. Baba na mjomba walimtetea (mwanaume atafanya nini), mama na jirani wakamhukumu, na kipindi kikaacha nafasi ya kesi hiyo kusikizwa. Walicheza mzaha, kisha wakangoja. Uhakiki niliusomea hapo. Chuoni nilikaa miaka miwili, nikatoka na deni la karo bila cheti.

Nilipoacha chuo nilipata kazi kwa duka la muvi huko chini ya jiji, karibu na River Road. Duka ni neno kubwa. Ilikuwa meza chini ya ngazi, kompyuta mbili na feni. Ulileta flashi, tukakujazia, shilingi 20 kwa muvi. Haikuwa halali, na mimi ambaye leo nalia watu wakiiba makala zangu najua ninachokisema. Walinzi wa usiku, makanga, wapishi wa vibanda, mama mmoja wa mitumba aliyekuja kila Ijumaa: wengi wao walikuwa na swali moja. "Iko ya DJ Afro?"

Kama hujui DJ Afro, basi ulikulia upande ule mwingine wa Waiyaki Way. Yeye huchukua muvi ya Kihindi, ya Hong Kong au ya Hollywood, akapunguza sauti yake na kuweka ya kwake juu, kwa Kiswahili na Sheng. Uganda wako nao, wanaitwa VJ, na VJ Jingo ni jina kubwa. Tanzania walikuwa na Lufufu. Wasomi wakimkumbuka husema anatafsiri. Si kweli. Keti na muvi yake na nyingine yenye maandishi chini, utaona. Anaruka mazungumzo asiyoyapenda, anakwambia huyu mbaya ataponzwa na nini kabla hajaponzwa, anamcheka steringi akichelewa, anahamisha kijiji cha India hadi mahali unapopajua. DJ Afro anatazama kwa sauti. Anafanya kile mama alikuwa akifanya, ila yeye alikiweka ndani ya muvi. Mlinzi anayekesha peke yake getini hakuwa ananunua muvi, alikuwa ananunua mtu wa kukaa naye.

Nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, lakini kutoka pwani hadi ploti za Kangemi ilikuwa safari ya miaka. Halafu ghafla waya zikajaa kwa nguzo za stima, vijana wenye fulana za kampuni wakawa wanabisha kila mlango. Wateja wetu wa flashi wakapungua mmoja mmoja. Mwenye duka sasa anauza kava za simu kwa meza ile ile.

Netflix walifungua Kenya Januari 2016, ila kwa watu wetu waliingia kweli Septemba 2021, walipotoa mpango wa bure. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Bure hiyo ilikuwa ya simu ya Android pekee. Ukitaka kuona kwa televisheni ya sebuleni, lipa. Mwaka 2023 wakaufunga mpango wenyewe, lakini tabia ilikuwa imeshaingia: skrini ya maskini ni ya mtu mmoja, kiganjani, waya masikioni. Na data ikiwa ya kupimiwa, nani atamwita jirani waangalie pamoja?

Ndivyo nilivyoiona Country Queen, ya kwanza ya Kenya kuandikwa series ya Netflix, Julai 2022. Vipindi sita, siku mbili, chini ya blanketi. Akisa, mpangaji wa sherehe wa Nairobi, anarudi kijijini na kukuta kampuni ya dhahabu inakula ardhi ya watu wake. Imepigwa vizuri, na nilifurahi kusikia Kikamba kikiongewa bila kuomba msamaha. Lakini nilipomaliza sikuwa na mtu wa kubishana naye. Hadithi ni ya kijiji kizima kinachogombania kuuza au kutouza, na sisi tuliigawana kila mtu kitanda chake. Kosa si lote la Netflix. Yenyewe inakimbia. Inaogopa utabonyeza kutoka, kwa hivyo kila jambo zito linafuatwa na lingine kabla hujalimeza. Papa Shirandula alingoja ucheke. Country Queen haingoji, kwa sababu haijui kama kuna mtu.

Single Kiasi ya Showmax ilijaribu njia nyingine. Imetokana na Unmarried ya Afrika Kusini, na marafiki watatu wa Nairobi wanafanya mjadala wenyewe kwa skrini ili wewe usichoke. Ni tamu, wanaongea kama watu ninaowajua. Ila nilihisi nimekaribishwa kwa meza ambayo viti vyote vimeshakaliwa.

Anayeelewa hili shida kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Abel Mutua. Huyu ndiye Freddie wa Tahidi High, mtoto wa ile saa yetu ya jioni, na sasa yuko YouTube akisimulia visa vya watu. Mtu, kamera na maneno. Anapotea njia makusudi, anarudi, anakuuliza kama wewe ungefanyaje, kisha ananyamaza kidogo kama anangoja jibu. Hadithi zake zinaweza kusikizwa ukipika, ukifua, ukiwa kwa jam ya Westlands na mat yote inasikiza. Wahakiki hawamhesabu kwa sababu hakuna picha za kusifu. Mimi namhesabu mbele ya series nyingi zenye pesa.

Kuna siku moja inayovuruga malalamiko yangu, na si haki kuificha. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mitambo ya vituo kadhaa ikazimwa hadi Mahakama Kuu iliposimamisha amri hiyo siku hiyo hiyo. Mama alikuwa ameona hayo 2018, Raila alipoapishwa Uhuru Park na skrini zikawa nyeusi. Mara hii hakungoja. Alikuja nyuma ya kochi, akainamia simu ya ndugu yangu, mtu mmoja yuko TikTok Live kutoka mjini, picha inaruka ruka kwa sababu anakimbia. Vichwa vitatu juu ya simu moja. Na mama akaanza: "Pita hapo kando! Kando, mwanangu!" Maoni ya watu yalikuwa yanapanda kwa kasi, maelfu wakisema hilo hilo. Kwa hivyo sauti ipo. Intaneti inayo. Lakini maoni ya Live hupotea kabla hujamaliza kuyasoma, na hakuna hapo anayekumbuka ulichosema wiki jana ili akuumbue nacho. Jirani yetu wa kiti alikumbuka kila kitu.

Mwezi huu waifai ya mama nimelipa mimi, 1,500, na kwa jeuri ya mlipaji nikachukua rimoti. Nikatafuta YouTube muvi moja ya zamani ya Kihindi iliyopigwa na DJ Afro, moja ya zile nilizowahi kuzijaza kwa flashi mara mia. Mama akasema hizo ni za walevi. Baada ya dakika kumi alikuwa amemwambia DJ Afro kwamba anadanganya, huyo mzee si baba ya huyo msichana, angalia pua. Binamu akatoka jikoni na mwiko. Ndugu yangu akatoa waya moja sikioni.

"Mathe, kwani atakufa?"

"Nyamaza, utaona."