Kiasi, Asili na Kipeo: Uhakiki wa Ufafanuzi wa Digrii katika Mitajo ya Sehemu

Ufafanuzi uliozoeleka darasani husema kuwa digrii ya polinomia ni kipeo kikubwa kuliko vyote vya herufi iliyomo. Kwa 3x² + x jibu ni 2, wala hapana ubishi. Udhaifu hujitokeza pale mtajo unapokuwa sehemu yenye polinomia juu na polinomia chini. Mwanafunzi hutafuta kipeo kikubwa kinachoonekana, akakiita digrii ya mtajo mzima.

Kosa hilo si la jina tu. Ichukuliwe kwamba mchuuzi ananunua nyama katika machinjio ya Vingunguti, jijini Dar es Salaam, kwa shilingi 9,000 kwa kilo, na kulipa shilingi 20,000 za usafiri kwa safari moja. Akinunua kilo x, gharama ya kila kilo ni (9,000x + 20,000)/x. Anayefuata kipeo kinachoonekana, yaani 1, atatarajia gharama hiyo ipande kadiri mzigo unavyoongezeka. Hali ni kinyume: kwa kilo 10 ni shilingi 11,000, kwa kilo 100 ni 9,200. Kinachotawala ni tofauti kati ya digrii ya kiasi, yaani polinomia ya juu, na ile ya asili, iliyo chini. Hapa ni 1 − 1 = 0; hivyo gharama hukaribia 9,000 bila kuifikia.

Tofauti hiyo haibadiliki hata kigawo cha shirika kinapoondolewa. Mtajo (x² − 1)/(x − 1) hurahisishwa kuwa x + 1, isipokuwa x ikiwa 1. Kipeo kikubwa kimeshuka kutoka 2 hadi 1, ilhali tofauti imebaki 1.

Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili tayari anao msingi wa hoja hii. Katika sehemu guni 7/3 alifundishwa kulinganisha kiasi na asili, kisha kuandika 2 na 1/3. Kwa njia hiyo hiyo, mtajo wa mchuuzi ni 9,000 + 20,000/x. Akifika sekondari, hukutana na neno moja la Kiingereza linalobeba nyuzi za pembe, shahada ya chuo na digrii ya polinomia kwa pamoja, huku maneno yake ya awali yakiachwa nyuma. Ufafanuzi unaofaa hauna budi kuanzia kwenye maneno hayo: digrii itajwe kwa kiasi na kwa asili, kila moja peke yake, ndipo zilinganishwe.