Udongo wa Bondeni, Nyumba ya Kileleni

Ukitaka kuvijua vilima vya Kampala kwa miguu, ziweke kando kwanza habari za maaskofu. Kila anayesimulia Namirembe na Rubaga huanza na majina yao. Makaburi yao yapo, utayakuta. Lakini askofu hakufinyanga tofali hata moja. Mwenye kutembea huku jicho lake likifuata kazi ya mikono ataona mji ambao mwenye kutazama kuba na minara tu haufikii. Huhitaji mtu wa kukuongoza. Unahitaji viatu vizuri, asubuhi moja kabla mvua haijakusanyika, na subira ya kuwakatalia waendesha bodaboda kila kona.

Anza Old Kampala, kwa ajili ya mnara. Msikiti wa Taifa wa Uganda ulianza kujengwa 1972 enzi ya Idi Amin, ukasimama miaka mingi ukiwa gofu, ukamalizika 2006 kwa fedha za Libya, na kwa muda ukaitwa kwa jina la Gaddafi. Uislamu wenyewe ni mkongwe hapa kuliko Ukristo: mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim, aliyetoka Zanzibar, alimweleza Kabaka Suuna II, mfalme wa Buganda, habari za Mungu mmoja. Panda ngazi za mnara, zaidi ya 300, utwete kidogo, kisha zungusha macho. Magharibi ni Namirembe, kusini-magharibi ni Rubaga, mashariki ni Kibuli na msikiti wake mweupe uliosimama kwenye ardhi aliyoitoa Mwanamfalme Badru Kakungulu. Kaskazini-magharibi kuna Kasubi, wanakolala makabaka. Msikiti ambao umesimama juu ya mnara wake ni kazi ya zege na winchi, nayo ina ustadi wake, ila siyo ninayoisifu leo. Umepanda hapa ili uone jinsi kila dini ilivyojichukulia kilima, na jinsi mabonde yalivyo karibu. Mabonde hayo ndiyo yenye udongo.

Shuka hadi Bakuli, vuka barabara kwa uangalifu, uanze kupanda Namirembe.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo unaloliona kileleni ni la tano. Kanisa la kwanza la mlima huu lilikuwa la miti, matete na nyasi, kama nyumba zote za Buganda za wakati huo. La pili lilifunguliwa 1892, na miaka miwili baadaye dhoruba ikaliangusha. La tatu, la 1895, liliachwa kwa hofu ya mchwa. Hapo ndipo matofali yalipoingia. K. E. Borup, mmishonari fundi wa shirika la Kianglikana la CMS, alikuwa akiwafundisha vijana kufyatua na kuchoma tofali, na kanisa la nne likajengwa kwa mikono hiyo, likakamilika 1904. Wakuu wa Buganda na wake zao waliingia kwenye foleni ya kubeba udongo na matofali pamoja na watu wa kawaida. Kuta zilikuwa za tofali, lakini paa likabaki la nyasi, maana mtu haachi ujuzi wa babu zake kwa siku moja. Mwaka 1910 radi ikaliteketeza paa hilo.

Radi hapa si habari ya bahati mbaya. Ziwa liko karibu, na Kampala ni kati ya miji inayopigwa na ngurumo nyingi sana duniani. Hospitali ya Mengo, aliyoianzisha Dkt. Albert Cook mwaka 1897 kwenye mtelemko wa kilima hikihiki, nayo iliungua kwa radi mwaka 1902, ikasimamishwa upya kwa tofali. Kwa hiyo ukisikia kwamba tofali lililetwa na ustaarabu wa wageni, usikubali haraka. Wageni walileta kalibu na tanuru. Waliowashawishi watu kuvitumia ni upepo, mchwa na moto wa mbinguni, kwa zamu, kwa miaka ishirini.

Wala usidhani kwamba ufundi wa nyasi ulikuwa duni. Kule Kasubi nyumba kuu ya makaburi, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa 1882 kuwa kasri la Kabaka Mutesa I. Kazi ya kuiezeka ni ya watu wa ukoo wa Ngeye, chini ya mkuu wao mwenye cheo cha Wabulaakayole, na dari lake la ndani lina mapete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Mwaka 2010 iliungua yote. Ilipojengwa upya, ukoo uleule uliitwa. Mwashi wa Namirembe alirithi kitu kutoka kwa waezekaji hao, na si jambo dogo: desturi kwamba nyumba ya heshima hujengwa na umma mzima, na kwamba anayeijua kazi ana cheo chake kinachotajwa kwa jina.

Kanisa la tano lilijengwa kati ya 1915 na 1919, wakati dunia ikipigana. Mchoro ulitoka kwa Arthur Beresford Pite, msanifu Mwingereza. Jina lake limehifadhiwa. Majina ya walioinua kuta si rahisi kuyapata, kwa hiyo njia iliyobaki ya kuwatambua ni kusogea karibu na ukuta.

Sogea kweli, mpaka uweze kuugusa. Tofali la kuchoma kwa mkono halifanani na mwenzake. Lililokaa katikati ya tanuru huiva likawa jekundu lililokolea, la pembeni hubaki na wekundu uliopauka, na lililokuwa karibu mno na moto huungua, likapinda na kuwa jeusi upande mmoja. Mwashi mzuri hayapangi ovyo. Hugonganisha mawili akasikiliza: yaliyoiva hulia kwa sauti kali, mabichi hutoa mshindo mfu, na hayo mabichi huyaficha ndani ya unene wa ukuta, mvua isiyafikie. Yaliyopinda huyatafutia mahali ambapo mpindo haumsumbui. Kisha kuna suala la kufunga. Ukuta mnene hauwi ukuta kwa kulaza matofali kwa urefu tu, kozi juu ya kozi. Utapasuka katikati kwa wima uwe ngozi mbili. Lazima mengine yageuzwe, kichwa kikitazama nje na mwili ukiingia ndani kushika upande wa pili. Vichwa hivyo vifupi unavyoviona usoni pa ukuta, kwa mpangilio, ndivyo vinavyobeba miaka mia.

Matao ni mtihani mkubwa zaidi. Fremu ya mbao hutengenezwa kwanza kwa umbo la tao, matofali yakapandishwa kutoka pande zote mbili kwa mwendo mmoja, chokaa ikiwa nyembamba chini na nene kidogo juu, hadi yakutane kileleni. Siku fremu inapoondolewa, fundi husimama chini. Hakuna hati inayoshinda hiyo. Yote haya kwa uzi, timazi, pima maji na mwiko. Na mtu wa kuchanganya chokaa anayejua, bila kipimo, kwamba leo jua ni kali na inataka maji zaidi.

Kabla ya kuondoka pita makaburini. Yupo Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na yupo Cook. Ila ninayependekeza usimame kwake ni Alexander Mackay, Mskoti mhandisi aliyefariki 1890 Usambiro, kusini mwa ziwa, katika Tanzania ya leo, na mabaki yake yakaletwa hapa 1927. Huyu alikuwa na karakana. Alichapa vitabu, alifua chuma, na mwaka 1882 alimtengenezea mama yake Mutesa jeneza kubwa mno la kifalme. Maneno ya dini aliyatamka kwanza kwa Kiswahili, akitumia tafsiri za mmishonari Edward Steere zilizotoka Zanzibar. Anastahili kulala katikati ya maaskofu, ingawa nadhani angefurahi zaidi karibu na tanuru.

Kutoka hapo teremka kupitia Mengo, upande tena Rubaga. Kilima hiki kilikuwa na kasri la Mutesa I kabla halijaungua, na Kabaka Mwanga akawapa mapadri wa White Fathers ardhi yake mwaka 1889. Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria lilianza 1914, likatabarukiwa siku ya mwisho ya 1925. Miaka kumi na moja, na minara miwili. Ndani ni papana na pa utulivu, vioo vya rangi vinamwaga mwanga sakafuni, na yupo Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka kaburini mwake, Mwafrika aliyewekewa mikono kuwa askofu mwaka 1939. Hapa ndipo Papa Paulo VI alipokuja Julai 1969, papa wa kwanza kuitembelea Afrika akiwa madarakani. Rubaga ni kubwa kuliko Namirembe na imepangika zaidi. Kama ni lazima nichague, moyo wangu uko Namirembe, kwa sababu kule ukuta hauna haya ya kuonyesha ulivyotengenezwa.

Sifa hizi zina gharama yake. Tanuru hula kuni, na hadi leo kandokando ya Kampala matanuru yanakata miti na kuchimba ardhioevu ileile iliyozuia mafuriko. Makerere imefanya kazi ya matofali ya kushindilia, udongo uliochanganywa na saruji kidogo bila kuchomwa, nami nayaunga mkono kwa nyumba mpya. Kwa kuta za zamani, hapana. Nimeona jengo kongwe, silitaji, likizibwa viungo kwa saruji ngumu badala ya chokaa: maji yanayoingia hayana pa kutokea, tofali linamenyeka uso kidogo kidogo, na fundi wa mwaka ujao anaitwa kuziba tena. Chokaa hupumua, na inalika kwanza ili tofali lisilike. Wazee wachache bado wanajua kuizimua na kuiacha iive shimoni kabla ya kuitumia. Anayesimamia jengo la aina hii amwite mmoja wao, ampe vijana wawili wa kumfuata, na amlipe kama anavyomlipa mhandisi.