Itazameni Kalamu ya Hakimu

Juzi, kwenye kibanda umiza kimoja (banda la kuonyesha video) cha Rwamgasa, watu walishangilia mchezo wa mahakama ambao haukustahili hata mafuta ya jenereta. Wakili anafoka, hakimu anagonga nyundo, shahidi anamwaga machozi, na vijana wanaapa kwamba hiyo ndiyo mahakama. Nyundo hiyo mimi sijaiona Geita wala Shinyanga.

Tazameni kalamu. Hakimu wa kwetu, kwa miaka yote niliyokaa mabenchi ya nyuma mahakamani, aliandika ushahidi kwa mkono. Shahidi mzee akijibu kwa Kisukuma, mkalimani aliutia kwenye Kiswahili, na katika mahakama ya wilaya, kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2021, hakimu aliuandika kwa Kiingereza. Muda wote huo wakili alisimama akingoja. Basi chukulia swali la dodoso: "Mawe ulimkabidhi nani?" "Mwenye duara", yaani mwenye shimo la machimbo. Kalamu inatembea. Shahidi anaitazama, anaona neno lake limeshaingia kwenye jalada, anaogopa, anataka kuongeza kidogo. Wakili hodari hamkatizi. Anamwacha aongeze, na hapo uongo unajianika wenyewe. Mchezo usiokuwa na ngojangoja hiyo ni ugomvi wa kilabuni uliovishwa majoho.

Mwigizaji Raymond Burr aliijua siri hiyo ya kungoja alipocheza wakili Mason katika mchezo wa televisheni Perry Mason (1957–1966): sauti chini, macho kwa shahidi, hana haraka. Erle Stanley Gardner aliyembuni Mason alikuwa wakili kweli, na inaonekana. Vioja Mahakamani ya Kenya ni vichekesho, lakini wahusika wake Makokha na Ondiek Nyuka Kwota walijitetea wenyewe kizimbani, kama watu wetu katika mahakama za mwanzo, ambako kwa miongo mingi wakili hakuruhusiwa kutia mguu.

Sasa linganisha na mtengenezaji filamu mmoja wa Kahama aliyewavalisha mawakili wake majoho ya mahafali, akarekodi kwenye ukumbi wa harusi, mapambo yangali ukutani. Akasifiwa kwa uhalisia!

Hata watafsiri wa filamu vibandani waliwahi kuijua ngojangoja hiyo. Enzi za kanda za video, mmoja wa Nyarugusu alikuwa akishusha kipaza sauti kila wakili alipomaliza kuuliza. Wachimbaji waliotoka duarani na matope yao walinyamaza kimya wakisubiri jibu. Watafsiri wa leo wanajaza kila pengo kwa utani.

Mapingamizi zaidi ya mawili katika kesi moja ni uvivu wa mwandishi. Kuungama kizimbani ni udhaifu, hata Perry Mason alipokutumia. Kielelezo kikipokewa bila upande wa pili kuulizwa, mwandishi hajawahi kukanyaga mahakamani. Na hakimu akitoa hukumu bila karatasi mkononi, zima televisheni ukalale.