Sauti za Lupita Nyong'o

Kuna sehemu ya filamu ya Us, ya mwaka 2019, ambayo nimeirudia mara nyingi. Ni usiku, sebuleni. Familia ya watu wanne imekalishwa kwenye sofa, mama akiwa amefungwa pingu mezani, na mbele yao wamekaa watu wanne wenye sura zilezile. Kati ya wavamizi hao ni mmoja tu anayeweza kusema. Lupita Nyong'o ndiye mama aliyefungwa, na ndiye huyo anayesema.

Msikilize anaposema. Neno linaanza, linakwama, pumzi inaingia ndani ikikwaruza, ndipo neno la pili linajitokeza kwa shida. Mgongo umenyooka, macho hayapepesi. Mara ya kwanza unaogopa tu. Ukishafika mwisho wa filamu, ukajua kwamba huyu alikabwa koo akiwa mtoto, akakulia chini ya ardhi bila mtu wa kuzungumza naye, ndipo unagundua kwamba maisha yake yote yalikuwa kooni mwake tangu alipofungua kinywa. Upande wa pili wa meza yupo Adelaide, yule mama aliyefungwa, anatetemeka, machozi yanamtoka, na hofu yake unaiamini kabisa, ingawa anayemtisha ni mwigizaji yuleyule.

Lupita alieleza kwamba sauti hiyo ilianzia kwenye ugonjwa unaobana misuli ya koo na kukatakata maneno. Watetezi wa watu wenye ulemavu walilalamika, naye akaomba radhi. Alifanya vizuri, kwa sababu wenye maradhi hayo si vitisho vya mtu.

Wengi humtaja kwa gauni, kwa ngozi, kwa Oscar ya mwaka 2014 aliyoipata kwa kumwigiza Patsey katika 12 Years a Slave. Mimi namfuata kwa masikio. Huyu ni msichana aliyemcheza Juliet akiwa na miaka 14 kwenye jukwaa la Phoenix Players, Nairobi. Alipofika shule ya maigizo ya Yale alijilazimisha kuongea Kimarekani, darasani na nje ya darasa, mpaka ulimi ukazoea. Baadaye, ilipofika zamu ya kuitangaza filamu iliyompa jina, akaamua kurudia lafudhi ya kwao. Amesimulia jinsi ilivyomwia vigumu. Mtu anaweza kujifunza sauti za watu wengi, kisha akahangaika kuitafuta yake mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 2014, siku chache kabla ya Oscar, alisimama mbele ya wanawake weusi wa Hollywood akasimulia kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke akiwa na ngozi nyeupe zaidi. Mama yake alikuwa akimwambia kwamba uzuri hauliwi. Yeye hakumwelewa, hadi alipokua. Miaka mitano baadaye akawaandikia watoto kitabu, Sulwe, juu ya msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao.

Lakini ushahidi wa kujiamini kwake mimi nauona kazini. Mwaka 2009, akiwa mwanafunzi Yale, alikuwa mwigizaji wa akiba katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake katika vita vya Liberia. Alijifunza nafasi nzima ya msichana mmoja wa tamthilia hiyo, na hakuitwa jukwaani hata mara moja. Baada ya Oscar, milango ikiwa wazi, aliirudia tamthilia ileile, New York mwaka 2015 na kisha Broadway mwaka 2016, usiku baada ya usiku, katikati ya waigizaji ambao wote ni wanawake. Aliitunza nafasi hiyo miaka sita.

Halafu sikiliza The Wild Robot ya mwaka 2024, ambamo ni sauti yake tu tunayoipata. Roboti Roz anaanza kwa uchangamfu wa mashine iliyoundwa kuhudumia wateja, kila sentensi ikiwa na furaha ya kiwango kimoja. Kadiri anavyomlea kifaranga wa bata bukini, sauti inalainika. Anapumzika kabla ya neno, anasita, anashusha mwisho wa sentensi. Nimejaribu kutafuta mahali mashine inapogeuka mama, nikasimamisha filamu, nikarudi nyuma. Hakuna sentensi moja unayoweza kuinyooshea kidole. Amezigawa hatua hizo kidogo kidogo katika filamu nzima.