Hema huchaguliwa kuanzia chini

Frasila mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu ya mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi katika karne ya 19: kilo thelathini na ushei za kitambaa cha merikani, shanga au pembe za ndovu, na bado hajabeba mkeka wake, chungu wala silaha. Mtu wa namna hiyo hawezi kujitwika na nyumba juu yake. Mvumbuzi Mwingereza Richard Burton alipotoka pwani Juni 1857 na kuingia Kazeh, Tabora ya leo, baada ya siku 134, hema lilikuwa mojawapo ya mizigo ya msafara. Alilala humo yeye, wakalibeba wengine.

Wapagazi walimaliza suala la malazi kwa shoka. Msafara uliondoka alfajiri ukatua kabla jua halijawa kali. Kukata fito na nyasi, kufunga kwa magome ya miombo na kuzungushia miiba ilikuwa kazi ya muda mfupi, maana msitu wa Unyamwezi una vyote hivyo. Wakiondoka, kambi ilibaki. Msafara wa nyuma ukiikuta haijaungua kwa moto wa kiangazi, uliingia na kulala. Kwa hesabu ya uzito mpango huu haushindiki: paa linapatikana hapohapo, na kila ratili iliyoko mzigoni ni ya biashara.

Ila paa lilipata mafundi, uzio ukapata miiba, na sakafu ikaachwa ilivyo. Humo ndimo alimokaa papasi.

Papasi ni kupe laini anayejificha mchana kwenye vumbi na nyufa za sakafu ya udongo, akatoka usiku kunyonya damu ya aliyelala, akashiba na kurudi mafichoni kabla hajaonekana. Kibanda kinachopokea wageni wapya kila mara kwake ni hoteli. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch, akichunguza homa ya papasi katika koloni la Wajerumani, aliwakuta kupe hawa wakiwa na vimelea kwenye vituo vya njia za misafara. Mwaka huohuo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, daktari Everett Dutton alifariki Kasongo kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiitafiti.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achukue hema gani la kutembea nalo kwa miguu huku Tabora, namwambia aanzie chini. Wengi huanzia juu: linavuja? Ni swali la haki kwa anayekwenda kati ya Novemba na Aprili. Lakini wengi hutembea Juni hadi Oktoba, miezi ambayo mvua huku ni nadra, halafu wanalipia paa la kuhimili tufani huku sakafu ikiwa nyembamba kama mfuko wa sukari.

Sakafu nzuri hupanda kingo zote kama beseni, imeshonwa moja kwa moja na kuta, na mishono yake imezibwa kwa utepe kwa ndani. Namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lebo ni kimo cha safu ya maji ambayo kitambaa kinaistahimili kabla hakijapenyeza. Paa la 1500 linatosha mvua ya kawaida. Sakafu inadai zaidi, 3000 hivi, kwa sababu goti la mtu mzima kwenye ardhi yenye maji hukandamiza kuliko tone linaloanguka. Dukani usiishie kuliangalia likiwa limesimamishwa. Vua viatu, ingia, piga goti pembeni, kisha fungua na kufunga zipu kwa mkono mmoja. Zipu inayouma kitambaa pale dukani, usiku itakwama ikiwa nusu wazi, na papasi haombi nafasi kubwa.

Chini tandika turubai, lakini dogo kuliko sakafu yenyewe. Likitokeza nje, mvua ya ghafla huteremka ukutani, ikaingia katikati ya vitambaa viwili, ukalala juu ya bwawa. Turubai hilo ndilo litakalopambana na mchwa. Na usipige hema ndani ya kibanda kilichoachwa, hata kama kivuli chake kinakushawishi.

Baada ya sakafu, hewa. Niliwahi kulala kando ya mbuga mwezi Julai katika hema la kitambaa kimoja, nikaamka shuka limelowa na nje hakuna hata wingu. Nililitukana hema lile asubuhi nzima kabla sijaelewa kwamba maji yale yalikuwa pumzi yangu mwenyewe. Tangu hapo sinunui lisilo na tabaka mbili: neti ndani, paa nje, na nafasi katikati. Usiku mkavu unavua paa, unabaki na neti na nyota.

Kitambaa kisikuchoshe kichwa. Nailoni ni nyepesi lakini hulegea ikilowa. Poliesta huvumilia jua vizuri zaidi, na jua la Oktoba huku si la mchezo. Hema la turubai la pamba ni tamu kulalia, lakini mwachie mwenye gari. Fito ziwe za aluminiamu, maana zile za faibaglasi hupasuka na kukuachia miba vidoleni. Vigingi vyembamba kwenye mchanga wa Tabora vinang'oka kama karoti. Funga kamba kwenye kijiti, kifukie kikiwa kimelala, shindilia.

Uzito? Hema la wawili lenye kilo mbili hivi linabebeka, ila hao wawili watalala bega kwa bega na mabegi yatabaki nje kwa mchwa. Mimi na mwenzangu tunachukua la watatu, tunaligawa: mmoja fito na sakafu, mwingine paa na vigingi. Asubuhi anayebeba sakafu ndiye anayeikagua pembe zote, anaikung'uta, anaianika mpaka ikauke, ndipo anaikunja.