Kubanduka na Kuvunjika: Juu ya Lugha ya Nuru na Ioni

Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili kimepungukiwa na majina ya sayansi. Kwa kweli majina si haba. Ioni, molekuli na elektroni zimekwisha kuingia katika lugha, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilikuwa hatua kubwa. Upungufu uko katika vitenzi. Wafasiri huyachagua majina kwa uangalifu, kisha hukitwika kitenzi kimoja, "kuvunja", kazi ya vitenzi vingi.

Mfano mmoja watosha kuonyesha hasara yake. Ioni ya magnesiamu huweza kushikamana na molekuli moja ya maji, zikawa ioni changamano. Magnesiamu ina tungamo la 24, maji 18, jumla 42. Ioni hizo huwekwa katika hali ya gesi, ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, ili zisisongwe na jirani yeyote; kisha humulikwa kwa nuru ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho. Majaribio ya namna hii yalifanywa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ioni zinazosalia zikipimwa, huonekana za namna mbili: nyingine zina 24, nyingine 41. Katika namna ya kwanza maji yametoka mazima, na magnesiamu imebaki peke yake. Katika namna ya pili molekuli ya maji yenyewe imekatika. Atomu moja ya hidrojeni imetoka, na masalio yangali yameshikamana na magnesiamu.

Kusema kwamba mara zote mbili nuru "imevunja" ioni ni kulificha jambo lile lile lililotafutwa. Kiswahili kina bandika, bandua, banduka: kinachobanduka kilikuwa kimebandikwa, nacho hutoka kizima. Kinachovunjika hakibaki kizima.

Mtoto wa Bugomora, iliyokuwa Karagwe kabla Kyerwa haijawa wilaya mwaka 2012, hana haja ya kufundishwa tofauti hiyo. Migombani ameona ganda kavu likibanduka na shina likabaki limesimama. Ameona pia mgomba ukivunjika kwa upepo. Shule ya msingi husoma kwa Kiswahili, na akifika sekondari huikuta sayansi kwa Kiingereza. Kiswahili alichopewa kikiwa na kitenzi kimoja tu, ataamini kwamba fikira za kupambanua mambo huanzia katika lugha ya kigeni, hali tofauti yenyewe aliijua tangu shambani kwao.

Huenda ikapingwa kwamba "kubandua" ni neno la nyumbani, halina hadhi ya maabara. Lakini neno wanalolitumia Waingereza kwa jambo hili lilitoka katika Kilatini, ambamo maana yake ni kuwatenga waliokuwa wenzi. Nalo lilikuwa neno la maisha ya watu. Hadhi lilipewa na matumizi.

Basi yafaa "mtengano kwa nuru" liwe jina la jumla, na chini yake yawepo "mbanduko" na "mvunjiko". Na pale nuru inapoiondoa elektroni tu, isemwe kwamba imeing'oa. Istilahi njema haipimwi kwa ugeni wa sauti yake, bali kwa tofauti inazozihifadhi.